Glasi Zilizooana kwa Mama Mkubwa

Jumatatu ya baada ya shughuli, nyumbani kwa mama mkubwa ni siku ya hesabu. Sahani zinahesabiwa, vijiko vinahesabiwa, majagi yanahesabiwa, na glasi zinahesabiwa mara mbili, maana glasi zina tabia ya kuondoka na watu. Mama mkubwa anakaa Chikongola, hapa Mtwara mjini, na ndiye mtunza vyombo wa kikundi chao cha akina mama tangu mimi sijamaliza darasa la saba. Mwanachama akiwa na shughuli anachukua vyombo bure, asiye mwanachama anakodi. Glasi ikivunjikia shughulini, aliyeichukua analipa shilingi 2,000. Ikivunjikia nyumbani, analipa mtunza vyombo. Kifungu hicho cha pili alikipendekeza mwenyewe kwenye kikao, kwa kujiamini kabisa, na siku ile kilikuwa kinamtazama usoni.

Nilimkuta sebuleni kwenye mkeka, glasi zimemzunguka kama vifaranga.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, ntoto wangu. Usivue viatu, huenda kuna chupa hapo chini. Njoo uone walichonifanyia."

(Sisi wa Kusini mtoto wetu ni ntoto na mchuzi wetu ni nchuzi. Wageni huzoea.)

Glasi za kikundi ni dazeni 6, yaani 72, za aina moja, zilizonunuliwa Kariakoo na kusafirishwa kwenye buti ya basi zikiwa zimefungwa kwa magazeti. Ni glasi za kawaida za maji na juisi: pana mdomoni, nyembamba kitakoni. Kati ya hizo 72, glasi 18 zilikuwa zimerudi zimeingiliana, moja ndani ya nyingine, jozi 9, na hakuna jozi iliyokubali kuachia. Unashika ya juu, unashika ya chini, unavuta, unasikia mlio mdogo wa kukwaruza kama jino juu ya jino, halafu kimya.

"Nani kazioshea?" niliuliza.

Mama mkubwa akanitazama tu. Ndipo nikakumbuka kwamba Jumamosi usiku, kwenye ile harusi, aliyekuwa mbele ya beseni la glasi akiimba huku anapanga ni mimi.

Ilikuwa Novemba. Wenyeji wanajua maana yake. Mnada wa korosho ukishaanza na malipo yakiingia, shughuli zinapangana kama foleni ya bodaboda: harusi leo, kutoa mwali kesho, kisomo keshokutwa. Vyombo havipati muda wa kulala. Jumamosi ile tulikuwa tunakimbizana na watu wa Jumapili waliokuwa wameshaleta bajaji ya kuvichukua. Juisi ya ukwaju iliganda kwenye glasi, mafuta ya pilau yako kwenye vidole vya kila aliyenywa, kwa hiyo tuliosha kwa maji ya moto ya kuni na sabuni ya unga, moto ule wa kuosha huku unapuliza vidole. Nikasuuza, nikatikisa, nikapachika. Mbili mbili, ili zienee kwenye boksi. Sikufuta hata moja. Watu wa Jumapili nao, Mungu awape heri, hawakuzihitaji zote, wakazirudisha boksi lile lile kama lilivyokuwa.

Naweza kusema sikujua. Lakini mama mkubwa ana kovu kwenye kiganja cha kulia, limeanzia chini ya kidole gumba likapinda kama njia ya kwenda Msimbati, na tangu utotoni nimekuwa nikisikia kisa chake: glasi mbili zilizogandana, yeye msichana, mgeni anasubiri maji mlangoni, akazivuta kwa nguvu zake zote. Ya nje ikapasuka ndani ya mkono. Akashonwa nyuzi 7. Mpaka leo kidole gumba hicho hakikunji vizuri, na unga wa chapati anakandia mkono wa kushoto. Kwa hiyo nilijua. Nilisahau kwa sababu nilikuwa naimba.

Basi ikawa kazi yangu.

Kabla sijagusa chochote nilitaka kuelewa zimeshikana na nini, kwa sababu gundi haikuwapo. Nina duka la steshenari, si maabara, lakini mambo haya hayahitaji zaidi ya daftari.

La kwanza ni umbo. Glasi pana juu na nyembamba chini ni kabari ya mviringo. Ukiingiza kabari kwenye ufa wa gogo na kuigonga, haitoki yenyewe, tena kadiri pembe yake ilivyo nyembamba ndivyo inavyong'ang'ania. Glasi zetu ni hivyo hivyo: ukuta wa ya ndani na ukuta wa ya nje vinakutana kwenye mkanda mwembamba unaozunguka pande zote, na uzito wa zilizo juu yake, pamoja na mtikisiko wa bajaji kwenye barabara ya vumbi, unafanya kazi ya nyundo.

La pili ni maji. Tone lililobaki huenea kwenye ule mwanya mwembamba na kuuziba, na sasa kuna hewa iliyofungiwa chini, kati ya vitako viwili. Hewa ile ilifungiwa ikiwa ya moto na yenye mvuke. Ikipoa, inasinyaa, na mvuke unarudi kuwa maji, kwa hiyo kule ndani msukumo unapungua. Nje, hapa pwani, hewa inabonyeza kama kilo 1 kwa kila sentimita moja ya mraba, hata kama hatuihisi. Nilipiga hesabu: glasi zikipachikwa kwenye joto la nyuzi 50 na kupoa mpaka joto la chumba, na mwanya ukizibika sawasawa, basi kwa mkanda wenye kipenyo cha sentimita 6 ni kama umeweka mzigo wa kilo 4 juu ya glasi ya ndani. Kilo 4 za unga zimekaa juu ya glasi, hazionekani.

La tatu ni ukwaju. Sukari ikikauka inashika.

La nne ndilo lililonifanya nitoke kwenye mkeka na kumpigia simu kaka.

Kaka yangu ni fundi pikipiki Magomeni, ya hapa hapa Mtwara. Kuna kitu nilishamwona anafanya mara nyingi bila kukitilia maanani. Akitaka kuingiza beringi mpya kwenye gurudumu, haigongi kwanza kwa nyundo. Beringi anaiweka kwenye friza, huwa anaazima ya jirani yake muuza samaki, na lile tundu la gurudumu analipasha moto polepole. Kisha beringi inaingia kwa kidole gumba. Vikishalingana joto, huitoi tena mpaka ufanye kazi. Alipokuja jioni ile na mikono yake ya grisi, alizitazama jozi 9 akacheka.

"Hizi umezifunga kifundi kabisa," akasema. "Ulizipachika ya nje ikiwa na joto kuliko ya ndani, siyo? Ya nje ilikuwa imefunguka, ya ndani ikashuka. Zilipopoa, ya nje ikambana mwenzake."

Mama mkubwa hakukubali. "Kitu kikipata moto kinavimba," akasema. "Hata mguu. Sasa ukiipasha hiyo ya nje si itavimba kwa ndani izidi kubana?"

Nampa haki yake. Swali hilo ni zuri na watu wazima wengi hukwama hapo hapo. Kaka alijaribu kueleza kwa gurudumu, akashindwa, akajaribu kwa bangili, nusura afaulu. Mimi nikalisema kwa lugha ya dukani kwangu: mama mkubwa, chukua picha ya bangili, iweke kwenye mashine ya fotokopi, bonyeza kukuza. Bangili inakuwa kubwa. Na tundu lake je? Nalo linakuwa kubwa, haliwezi kubaki dogo. Joto linakuza kitu kizima kama fotokopi, ukuta na uwazi wake.

Alinyamaza kidogo. "Haya," akasema, "ila hiyo fotokopi yako inakuza kwa kiasi gani?"

Kidogo sana. Glasi za kawaida, zile za mchanga, magadi na chokaa, hutanuka kwa sehemu kama 9 katika milioni kwa kila nyuzi moja ya joto. Glasi yenye upana wa milimita 70, ikizidiwa joto na mwenzake kwa nyuzi 40, inapata nafasi ya milimita 0.025. Nikamtolea rimu la karatasi kutoka kwenye mkoba wangu. Rimu moja ni karatasi 500 na unene wake ni sentimita 5, kwa hiyo karatasi moja ni sehemu ya kumi ya milimita. Nafasi tunayoitafuta ni robo ya unene wa karatasi moja. Ndiyo hiyo tu. Lakini hakuna mahali popote glasi zimeshikana kwa zaidi ya hapo.

Dawa inajulikana na wengi: baridi ndani, moto nje. Ya ndani isinyae, ya nje itanuke. Watu wanachokosea ni vipimo na saa, na hapo ndipo na mimi nilipoharibu.

Tatizo la kwanza lilikuwa umeme. Ulikatika saa tisa mchana na friji ya mama mkubwa haina barafu hata siku yenye umeme, ni kabati la nguo lenye taa. Binamu yangu, kijana wa kidato cha pili mwenye majibu ya kila kitu, akasema tuziweke jozi zote kwenye friza ya mama wa duka la jirani, zitaachana zenyewe. Kabla hatujamjibu alikuwa ameshapotea na jozi moja. Friza ikiwa imejaa hushika baridi muda mrefu hata bila umeme, na kufikia saa moja usiku alirudi nayo ikiwa imeachana kweli. Ya nje ilikuwa vipande viwili na ya ndani nzima, mkononi mwake, kama mbegu iliyochomolewa kwenye ganda.

Kosa lake lilikuwa yale maji ya katikati. Maji yakiganda huongezeka ujazo kama asilimia 9, na yakiwa yamefungiwa kati ya glasi mbili hayana pa kwenda ila kusukuma kuta. Kioo hustahimili sana kubanwa lakini hakistahimili kuvutwa. Ya ndani ilibanwa, ikavumilia. Ya nje ilivutwa kutoka ndani, ikapasuka. Mama mkubwa alichukua daftari la kikundi, akaandika "1 – imevunjika – mtunza", akachomoa shilingi 2,000 kwenye pindo la khanga, akaziweka kwenye kopo la kikundi. Wala hakumgombeza. Alimwambia tu aende akazitupe zile chupa shimoni, si jalalani ambako watoto wanapita pekupeku.

Wataalamu wa mambo ya kale waliochimba Kilwa, mkoa wa jirani yetu Lindi, walikuta mabaki ya vyombo vya kioo vilivyoletwa na majahazi karne nyingi zilizopita. Vingi ni vipande. Nadhani na Kilwa walikuwa na mabinamu.

Kesho yake mchana nilirudi na mpango. Umeme ulikuwa haujatengemaa, lakini mama wa duka alikuwa na barafu za ukwaju, zile za kwenye vifuko virefu vya plastiki. Nikanunua kumi. Binamu alidhani ni zake, nikampa moja. Na maji ya moto sikuyachemsha. Kwenye uwanja wa mama mkubwa kuna simtanki jeusi juu ya mnara wa mbao, na saa nane mchana mwezi wa Novemba, bomba la simtanki linatoa maji ambayo huwezi kunywa wala kunawia uso kwa raha. Ukiingiza mkono unavumilia, lakini hutaki kuuacha hapo. Hayo ndiyo maji ninayoyataka.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanakatwa. Baridi ndani na moto nje wanaisikia, halafu wanaenda kuchukua maji yanayochemka na kuyamwagia. Nyuzi 100 nje na barafu ndani! Glasi ya kawaida haipendi kushtuliwa: upande mmoja unataka kutanuka, upande wa pili umegoma, na kioo kikivutwa kinapasuka. Tena glasi nene ndiyo inapasuka upesi kuliko nyembamba, kwa sababu joto linachelewa kupenya, tofauti na watu wanavyodhani kwamba nene ndiyo imara. Maji ya nyuzi 40 na kitu, ambayo mkono unavumilia, pamoja na barafu, yanakupa tofauti ya nyuzi 40 na ziada. Robo ya karatasi hiyo hapo. Huhitaji zaidi.

Nilifanya hivi. Nilichukua kila jozi, nikadondoshea matone mawili ya sabuni ya maji ya vyombo kwenye mwanya, pale mdomo wa ya nje unapogusa ukuta wa ya ndani, nikailaza ubavu na kuigeuza geuza. Mwanya mwembamba hunyonya kimiminika wenyewe kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Unaweza kutumia mafuta ya kula, ila utaosha mara mbili. Zile zenye ukwaju uliokauka nilizilaza kwanza kwenye beseni la maji ya uvuguvugu nusu saa ili sukari iyeyuke. Ukiona ni ukoko mweupe wa chumvi ya maji, weka siki.

Kisha nikasimamisha jozi ya kwanza kwenye karai. Nikaingiza kifuko cha barafu ya ukwaju ndani ya glasi ya ndani, nikaongeza maji kidogo yaliyopoa, kwa sababu kifuko kinagusa ukuta sehemu mbili tatu tu lakini maji yanagusa kote. Nikahesabu mpaka mia moja. Halafu nikamimina maji ya simtanki kwenye karai polepole, yakapanda nje ya glasi ya chini mpaka karibu na mdomo wake. Nikazungusha kitambaa kwenye ya juu, mkono mwingine kwenye ya chini nao ndani ya kitambaa, nikazungusha kidogo kulia, kidogo kushoto, huku navuta juu moja kwa moja.

"Usiipindishe," mama mkubwa akasema kutoka kwenye mkeka. "Hata muhogo ukiuvuta kwa hasira unakukatikia ardhini."

Ikatoka. Hakukuwa na kishindo. Ulikuwa mlio mdogo wa hewa inayoingia, kama mtu anayevuta mate, na ghafla mikono yangu ilikuwa na vitu viwili. Nilicheka peke yangu. Binamu alipiga makofi kwa mdomo mwekundu wa ukwaju.

Ya pili ikatoka. Ya tatu ikatoka hata kabla sijazungusha. Ya nne ilisumbua, nikairudia mara tatu, katikati nikiiacha ipoe kabisa, maana ukirudia juu ya joto lile lile glasi zote mbili zimeshalingana na hakuna tofauti tena. Kioo cha milimita mbili tatu kinapitisha joto upesi, na glasi hizi zinagusana. Dakika moja ya kwanza ndiyo yako.

Jambo hili nililijua kwa akili. Nilikuja kulijua vizuri kwenye jozi ya sita.

Jozi ya sita nilikuwa nimeshaitayarisha: barafu ndani, maji ndani yamejaa mpaka juu kwa sababu nilishakuwa na madaha ya ufundi, maji ya moto nje. Simu ikalia. Ni mteja, anataka kuchapisha fomu za watoto wa shule, anauliza kama duka liko wazi. Nikainuka kwenda kivulini kuzungumza naye. Dakika tano, labda saba, kwa sababu alitaka pia punguzo. Niliporudi barafu ilikuwa imeyeyuka, maji ya karai yamepoa, na nilipoishika ile jozi nikaona kitu ambacho sikukitegemea. Alama ya sabuni niliyoipaka kwenye mwanya ilikuwa imezama. Glasi ya ndani ilikuwa imeshuka.

Kaa uifikirie, maana mimi nilikaa. Dawa ilikuwa imefanya kazi. Ya nje ilitanuka, ya ndani ikasinyaa, robo ya karatasi ikapatikana, na kwa kitambo kifupi glasi zile mbili zilikuwa huru kabisa. Ila hakukuwa na mtu wa kuvuta. Ya ndani, imejaa maji, ina uzito wake, ikafanya kitu pekee ambacho kitu chenye uzito hufanya kikipewa nafasi. Na kwa kuwa kuta zimelala kwa pembe ndogo, nafasi ya robo karatasi kwa upana inatoa kushuka kwa karibu nusu milimita kwenda chini. Kisha joto likalingana, ya nje ikasinyaa, ya ndani ikatanuka, zikabanana kwa nguvu mpya, chini zaidi ya pale zilipokuwa. Nilikuwa nimerudia, kwa uangalifu mkubwa, na kwa barafu ya kununua, kile nilichokifanya Jumamosi usiku kwa uzembe.

Kaka alipopita jioni nikamweleza. Akasema beringi humfanyia hivyo akizembea: inaingia upande, halafu inapoa ikiwa upande, na hapo ndipo fundi anaanza kutukana. Akatoa wazo la kuigonga kitako kwa nyundo ya mpira. Mama mkubwa alimwonyesha kiganja chake, kovu lile, bila neno. Wazo likafa.

Jozi zilizobaki, ya saba na ya nane, zilitoka salama, simu ikiwa imezimwa. Na tangu hapo najaza maji kidogo tu ndani, na mkono wangu wa juu tayari unavuta kabla sijamaliza kumimina ya moto.

Ile ya sita nilihangaika nayo wiki nzima. Nilibadilisha sabuni nikaweka mafuta ya nazi, nikaiacha usiku kucha. Nikaiweka kwenye barafu kwa nusu saa ndipo nikamimina. Nilifikiria kuongeza joto la nje, nikasogea mpaka pale mkono unapokataa, nikaishia hapo. Ingekuwa glasi ya kiwandani iliyotiwa ugumu, kama zile za Duralex za Ufaransa, ningeweza kuthubutu zaidi, kwa maana hizo hupashwa moto sana kisha ngozi yake ikapozwa ghafla, na ngozi hiyo hubaki imejibana, haivutiki kirahisi. Lakini hizo nazo zikishindwa, zinasambaratika kuwa punje. Na ingekuwa bakuli la kioo cha kuingizwa kwenye oveni, ujanja huu wa joto huenda usingenisaidia sana, maana baadhi ya vioo hivyo hutanuka theluthi tu ya hiki chetu. Hapo ni sabuni, mafuta na siku nyingi.

Watu walileta ushauri. Katika mji wetu ukiwa na glasi zilizogandana, watu wote wanakuwa mafundi. Jirani mmoja alisema niweke maji ya moto ndani na kuzichovya kwenye baridi, kinyume kabisa, na alikuwa na uhakika kuliko mtu yeyote niliyezungumza naye mwezi huo. Mwingine alisema nipulizie dawa ya kulegeza kutu, ile ya gereji. Nilimuuliza kama yeye atanywea. Mzee mmoja wa Mikindani, aliyekuja kwa ajili ya salamu tu, alizishika, akazigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema "bilauri hizi zimependana," akazirudisha. Neno lenyewe bilauri linatokana na Kiarabu, maana yake kioo safi kama jiwe linalong'aa. Nikaona aibu kidogo kwamba sisi tunasema glasi tu.

Kwa sasa kwa mama mkubwa glasi hazipachikwi. Zinalala kifudifudi juu ya kitambaa mpaka zikauke, na boksini zimetenganishwa kwa karatasi zilizoharibika dukani kwangu, zile fotokopi zilizotoka nyeusi upande mmoja. Mnunuzi wa glasi mpya za kikundi, kama watanunua, nimemwomba atafute zile zenye ngazi ndogo ndani au ukuta ulionyooka, zinazokaa juu ya mwenzake bila kushuka. Ni ghali kidogo. Wamesema watajadili, ambayo ni lugha ya kikundi ya kusema hapana.

Wiki iliyopita kulikuwa na kikao cha kukabidhi vyombo kwa ajili ya ukaguzi wa mwaka. Mweka hazina alikuja na daftari lake, mama mwenye miwani ya kamba na mwandiko wa mwalimu mstaafu. Akahesabu: glasi 69 zimejipanga mezani. Moja imelipiwa. Akatafuta mbili.

Mama mkubwa akaelekeza kidole juu ya kabati. Jozi ya sita iko pale, imefutwa vizuri, ndani yake kuna ua la plastiki jekundu. Ukaanza ubishi. Mmoja alisema zihesabiwe moja, kwa kuwa kinywaji kinaingia kimoja. Mwingine alisema hazijavunjika kwa hiyo ni mbili, na faini haipo. Wa tatu akauliza kama ua ni mali ya kikundi. Nilikuwa jikoni natengeneza chai, nasikia yote, na niliamua kutochangia.

Mweka hazina alinyoosha miwani, akainama, akaandika. Baadaye nilichungulia. Kwenye mstari wa glasi alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: "69, na ndoa 1."